Padre Pedro Páez: Miaka Saba ya Mateka Aliyepita Jangwani



Katika masomo ya historia ya Kanisa barani Afrika, jina la Padre Pedro Páez hutajwa kwa haraka. Tunaambiwa alikuwa Mjesuiti kutoka Hispania, mmisionari wa Ethiopia, na kwamba ndiye anayehesabiwa kuwa Mzungu wa kwanza kuifikia chemchemi ya Nile ya Buluu. Kisha mwalimu anafungua ukurasa mwingine. Hayo yote ni kweli, lakini yanaruka jambo kubwa. Kabla ya kufika Ethiopia, Padre Páez alitekwa baharini, akapitishwa jangwani kwa miguu, akafungwa na kufanywa mpiga makasia. Miaka saba ya ujana wake ilikwenda hivyo, bila parokia, bila waamini, bila kazi yoyote ambayo mkubwa wake wa shirika angeweza kuiandika kwenye taarifa.

Swali langu katika makala hii ni moja: je, miaka ile saba ilikuwa hasara? Sisi tulio katika malezi, ambao miaka yetu ya kungoja ni mingi, tuna sababu ya kuliuliza. Na waamini wa parokiani, ambao wengine wamepotezewa miaka na ugonjwa, kifungo au kazi isiyolipa, wana sababu zaidi yetu.

Kijana mwenye haraka

Pedro Páez alizaliwa mwaka 1564 katika kijiji cha Olmeda, si mbali na Madrid. Aliingia Shirika la Yesu mwaka 1582, akiwa na miaka 18. Alisoma falsafa kama sisi tunavyosoma, na kabla hajamaliza teolojia aliomba kupelekwa misioni za mbali. Wakubwa walimkubalia. Mwaka 1588 akafika Goa, mji wa India uliokuwa makao makuu ya Wareno katika Bahari ya Hindi, na mwanzoni mwa mwaka 1589 akapewa upadre hukohuko.

Wakati huo misioni ya Wajesuiti nchini Ethiopia ilikuwa karibu kufa. Askofu wao, Andrés de Oviedo, alifariki mwaka 1577 katika umaskini mkubwa, na mapadre wachache waliobaki walikuwa wamezeeka. Kupeleka wengine ilikuwa shida, kwa kuwa tangu mwaka 1557 Waturuki walishika bandari ya Massawa, mlango wa Ethiopia katika Bahari ya Shamu. Padre wa Ulaya aliyekamatwa pale hakuhesabiwa kuwa padre tu. Alihesabiwa kuwa mtu wa Wareno, yaani adui.

Nasi watu wa pwani tulikuwa ndani ya ugomvi huo. Nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, alishuka kutoka Yemen na kuzunguka miji ya Waswahili akiichochea iwaasi Wareno. Mwaka 1589 Wareno walimkamata Mombasa, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu katika mji huohuo. Kwa hiyo bahari aliyokuwa anaiingia Padre Páez ilikuwa bahari ya vita, kutoka India na Uarabuni hadi kwetu.

Tarehe 2 Februari 1589 aliondoka Goa, akiwa na miaka kama 25. Mwenzake alikuwa Padre Antoni de Montserrat, Mkatalunya aliyekuwa na zaidi ya miaka 50. Padre huyu mzee alikwisha kukaa katika jumba la Akbar, mfalme mkuu wa Wamughali wa India, na alikuwa hodari wa kuchora ramani. Wote wawili walivaa mavazi ya wafanyabiashara wa Kiarmenia, kwa sababu Waarmenia walikuwa Wakristo ambao Waturuki waliwazoea katika bandari zao.

Chombo ambacho hakikufika

Mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa sana habari za safari ya tanga. Wazee wetu wa Magomeni, Mikindani na Msimbati wanajua kwamba baharini mtu haamui peke yake siku ya kufika. Kaskazi ina miezi yake na kusi ina miezi yake, na anayekosa upepo hukaa bandarini hadi msimu urudi. Ndivyo ilivyowapata mapadre hao. Walizunguka hadi Hormuz, kwenye mlango wa Ghuba ya Uajemi, wakatafuta njia wakakosa. Karibu mwaka mzima ukapita. Mwishowe walipata chombo Maskati cha kuwapeleka Zeila, bandari ya upande wa Somalia, ambako wangeanza kupanda kuelekea nyanda za juu za Ethiopia.

Hawakufika Zeila. Mwanzoni mwa mwaka 1590, wakiwa karibu na pwani ya Dhofar, ambayo leo ni sehemu ya kusini ya Oman, walikamatwa. Waliowakamata waligundua upesi kwamba hawa si Waarmenia. Mizigo yao ilichukuliwa, nao wakapelekwa nchi kavu kama mateka. Wakawa sasa na hali ileile ya mabaharia waliovunjikiwa na jahazi kwenye pwani kavu: hawana chombo, hawana chakula chao wenyewe, hawana lugha, na mbele yao hakuna kitu ila mchanga na mawe.

Njia ya jangwani

Watekaji wao waliamua kuwapeleka kwa mtawala wa Hadhramaut. Kutoka Dhofar hadi Tarim, mji mkubwa wa Hadhramaut, ni zaidi ya kilomita 500, karibu sawa na safari ya kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Upande wa kaskazini wa njia hiyo kuna jangwa ambalo Waarabu wanaliita Rub al-Khali, yaani Robo Tupu, kwa sababu ni sehemu kubwa ya bara lao isiyo na mji wala mto. Mapadre wale waliipita sehemu ya jangwa kwa miguu, nyuma ya ngamia za watekaji.

Hapo ndipo tunapaswa kukaa kidogo na kutafakari. Jangwani mtu hafi kwa kukosa nguvu tu. Hufa kwa kutojua. Visima viko mbali, na mgeni anaweza kukipita kisima umbali wa hatua mia asikione. Anayejua ni Bedui, mtu wa jangwa, ambaye amerithi ujuzi huo kwa baba na babu. Kwa hiyo Padre Páez na mwenzake walihifadhiwa hai na watu walewale waliowafunga. Maji waliyokunywa yalitoka katika viriba vya watekaji, na chakula chao kilitoka katika mikono ya watekaji. Kijana aliyetoka Ulaya akiwa na haraka ya kufundisha mataifa, somo lake la kwanza lilikuwa kupokea maji kutoka kwa mtu asiyempenda.

Walipofika Tarim watu waliwajia juu. Walikuwa wageni, Wakristo, tena watu wa taifa lililokuwa likichoma vyombo vya Waarabu baharini. Waswahili wengi wanalijua jina la Tarim kwa heshima, kwa kuwa koo nyingi za pwani yetu zina asili ya Hadhramaut, na wanazuoni wa mji ule wamefundisha hadi Lamu na Unguja. Padre Páez hakuujua mji huo kwa heshima yake, bali kwa hasira yake. Lakini katika mji wa Haynan, kwa mtawala wa nchi ile, alipewa kinywaji cheusi cha moto ambacho hakuwahi kukiona. Miaka mingi baadaye alipoandika kitabu chake alikumbuka kukitaja, pamoja na tunda linalokitengeneza. Maneno aliyoyaandika ni yaleyale tunayoyatumia sisi hadi leo, kahawa na buni. Anahesabiwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuandika kwamba wameionja.

Kutoka Hadhramaut walipelekwa magharibi, mamia ya kilomita tena, hadi Sana'a, alikokaa mtawala wa Kituruki wa Yemen.

Sana'a na makasia ya Mokha

Kule Sana'a walifungwa. Siku zikawa miezi, miezi ikawa miaka. Barua zilikwenda polepole, na huko Goa hakuna aliyekuwa na haraka ya kulipa fedha kwa ajili ya mapadre wawili.

Walifanya nini? Padre Montserrat, aliyekuwa mzee, aliandika. Alikuwa ameweka kumbukumbu za safari yake kwa mfalme Akbar, na kifungoni Sana'a akazipanga na kuzimalizia. Leo wanahistoria wa India wanaitegemea kazi hiyo. Sisi wanafunzi wa falsafa tunamkumbuka Boethius, aliyeandika kitabu chake mashuhuri akingoja kuuawa. Mzee huyu wa Katalunya ni ndugu yake.

Padre Páez, aliyekuwa kijana, alijifunza. Alijifunza Kiarabu, kusema na kusoma, kutoka kwa watu waliomzunguka. Hakuwa na shule wala mwalimu wa kulipwa. Alisikiliza namna watu wanavyosalimiana, wanavyouza, wanavyokula, wanavyomwomba Mungu. Haikuwa kazi ya kimisionari kwa maana ya kawaida, kwa sababu hakuhubiri. Lakini alikuwa anafanya kile ambacho mmisionari asipokifanya mahubiri yake hayaendi mbali: alikuwa anaingia katika akili ya watu wengine kupitia lugha yao.

Mwaka 1595 hali ikawa mbaya zaidi. Walishushwa hadi Mokha, bandari ya Yemen kwenye Bahari ya Shamu, wakatiwa katika galei. Galei ni merikebu ya vita inayokwenda kwa makasia, na wapiga makasia wake walikuwa watumwa na wafungwa waliofungwa kwa minyororo kwenye mabenchi yao. Humo walikula, humo walilala, na wengi walikufa humohumo. Mapadre hao wawili waliishi, ingawa afya zao ziliharibika.

Mwaka huohuo wa 1595, padre mwingine wa Shirika, Abrahamu, Mmaroni, alijaribu kuingia Ethiopia kupitia Massawa, akatambuliwa na kuuawa. Ndiyo hatari iliyokuwa mlangoni.

Fidia, na wale wasiokombolewa

Mwaka 1596 ukombozi ulikuja. Mfalme Filipo wa Pili, aliyetawala Hispania na Ureno pamoja, alikuwa ameamuru fidia yao itolewe. Fedha ikalipwa, minyororo ikafunguliwa, na mwisho wa mwaka huo wakafika Goa. Padre Montserrat hakuishi sana; alifariki mwaka 1600.

Kanisa limelijua jambo la fidia tangu zamani. Mtakatifu Yohane wa Matha alianzisha shirika la Watrinitari mwaka 1198 kwa ajili ya kuwakomboa mateka, na Mtakatifu Petro Nolasco akaanzisha la Wamersedari mwaka 1218. Habari za namna hii ziliendelea hadi mwisho wa zama za matanga. Mwaka 1815 nahodha wa Kimarekani James Riley alivunjikiwa na merikebu kwenye pwani ya Sahara, akafanywa mtumwa yeye na mabaharia wake, akavushwa jangwani akiwa mifupa na ngozi. Aliokoka kwa sababu Mwingereza aitwaye William Willshire, ambaye hakuwahi kumwona, alilipa fidia yake katika mji wa Mogador, Moroko. Riley aliporudi kwao aliandika kitabu, na tangu hapo akasema waziwazi kwamba utumwa wa watu weusi nchini mwake ni uovu.

Lakini sisi wa Mtwara hatuwezi kusoma neno fidia bila kuuliza swali jingine. Katika karne ya 18 na ya 19, njia za misafara zilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa na Mikindani. Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wanyasa na wengine walitembezwa kwa minyororo kilomita mamia, kama Padre Páez, hadi pwani hii hii tunayovulia samaki. Kwao hakukuwa na mfalme Madrid wa kuandika amri. Wachache walikombolewa, kama wale waliopokelewa na mapadre wa Roho Mtakatifu kule Bagamoyo tangu mwaka 1868. Walio wengi walipakiwa majahazini na majina yao hayakuandikwa popote. Nao walipita jangwani, nao walipiga makasia, nao walikuwa na lugha, nyimbo na sala zao. Tukimsifu Padre Páez kwa uvumilivu wake, uaminifu unatudai tuwakumbuke hao pia. Yeye tunamjua kwa sababu alikombolewa, akapata kalamu na wino.

Abdulla anarudi

Mtu aliyetoka kwenye galei angekuwa na haki ya kuomba parokia tulivu. Padre Páez aliugua kwanza, kisha akafanya kazi katika misioni za Salsette na Diu nchini India, huku akiomba arudishwe kwenye njia ileile. Mwaka 1603 alipata nafasi.

Safari hii haikufanana na ile ya kwanza. Alivaa tena kama Mwarmenia, lakini sasa alikisema Kiarabu vizuri, alijua adabu za wenyeji, na alijiita Abdulla, jina lenye maana ya mtumishi wa Mungu. Alisafiri pamoja na Waturuki wenyewe, akala nao na kuzungumza nao, nao wakampenda. Alishuka Massawa, mahali alipouawa Padre Abrahamu, akapita mbele ya walinzi bila kuguswa. Mwezi Mei 1603 alikuwa Fremona, katika nchi ya Tigray, nyumba ya Wajesuiti iliyopewa jina la Mtakatifu Frumensio, askofu wa kwanza wa Ethiopia.

Kwa hiyo kile kifungo cha Yemen kilimpa ufunguo. Mlango uliofungwa mwaka 1589 mbele ya kijana mwenye bidii ulifunguka mwaka 1603 mbele ya mtu mzima aliyejua kuzungumza na mlinzi wa mlango.

Mgeni katika nchi ya Wakristo

Ethiopia haikuwa nchi ya wapagani. Ilikuwa imempokea Kristo tangu karne ya nne, ina Maandiko yake katika lugha ya Ge'ez, monasteri zake, mafungo yake marefu na watakatifu wake. Mmisionari Mkatoliki aliyefika pale alikutana na Wakristo wa zamani kuliko nchi nyingi za Ulaya, ingawa hawakuwa katika umoja na Roma, nao walitofautiana na Wakatoliki katika namna ya kueleza Umungu na ubinadamu wa Kristo.

Padre Páez alianza kama alivyoanza Sana'a, kwa kusikiliza. Alijifunza Kiamhari na Ge'ez. Alitafsiri katekisimu, akawafundisha watoto, na mwaka 1604 mfalme Za Dengel alipomwita jumbani alikwenda na watoto hao. Watoto wakajibu maswali ya imani kwa Kiamhari mbele ya wakubwa, mfalme akashangaa. Za Dengel alitaka kuwa Mkatoliki mara moja na kubadili kwa amri desturi ya kuitunza Sabato ya Jumamosi. Padre Páez alimshauri asifanye haraka. Mfalme hakusikia. Uasi ukatokea, na mwezi Oktoba 1604 Za Dengel akauawa vitani.

Baada ya miaka ya vurugu, Susenyos alishika kiti mwaka 1607, naye akawa rafiki wa Padre Páez. Alimpa ardhi Gorgora, kando ya Ziwa Tana. Hapo padre akawa fundi. Aliwaonyesha mafundi namna ya kuchonga mawe, akatengeneza vifaa, akamjengea mfalme jumba la mawe lenye ghorofa, jambo geni kwa watu wa pale. Kanisa la mawe la Gorgora lilitabarukiwa tarehe 16 Januari 1621.

Tarehe 21 Aprili 1618, akiwa katika safari pamoja na mfalme, alipelekwa mahali panapotoka maji ya Nile ya Buluu, huko Sakala. Kwa Wazungu hiyo ilikuwa siri ya maelfu ya miaka. Padre Páez aliandika aliyoyaona kwa utulivu, akamshukuru Mungu, akaendelea na safari. Hakutaka mahali pale paitwe kwa jina lake, na kwa kweli wenyeji walipajua na kupaheshimu muda mrefu kabla yake. Mwaka 1770 Mskoti James Bruce alifika hapo, akadai kwamba ndiye wa kwanza na kwamba habari za padre si za kweli. Historia imempa Páez haki yake.

Kitabu chake kikubwa, Historia ya Ethiopia, alikiandika kwa Kireno akakimaliza mwaka 1622. Alikiandika kusahihisha hadithi za uongo zilizochapwa Ulaya kuhusu nchi hiyo na mtu ambaye hakuwahi kuikanyaga. Humo ndimo tunamopata pia habari za kutekwa kwake. Hakikuchapwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Kilichovunjika baada yake

Mwaka 1622 Susenyos aliungama kwa Padre Páez na kupokelewa katika Kanisa Katoliki. Wiki chache baadaye, mwezi Mei, padre alishikwa na homa akafariki Gorgora. Alikuwa na miaka 58 hivi.

Maisha ya watakatifu wa vitabuni yangeishia hapo. Historia haikuishia hapo. Mwaka 1625 alifika Patriarki Afonso Mendes, mtu msomi na mwenye bidii, ambaye hakupata kufundishwa na jangwa. Mwaka 1626 mfalme alitangaza rasmi utii wake kwa Roma. Wakristo wa Ethiopia walitakiwa wabatizwe upya kwa masharti, mapadre wao wapewe daraja upya, kalenda yao na mafungo yao vibadilishwe. Watu wakaasi. Damu nyingi ikamwagika, Wakristo dhidi ya Wakristo. Mwezi Juni 1632 Susenyos, akiwa amechoka na mauaji, aliirudishia nchi imani yake ya zamani, na baada ya miezi michache akafa. Mwanawe Fasilides akawafukuza Wajesuiti. Ethiopia iliwafungia mlango mapadre wa Kikatoliki kwa karibu miaka 200, hadi alipofika Mtakatifu Yustino de Jacobis mwaka 1839, naye akaanza tena kwa upole.

Ni rahisi kumtupia lawama zote Patriarki Mendes na kumwacha Padre Páez akiwa safi. Nadhani hiyo si haki. Mapigano ya dini yalianza padre akiwa hai. Abuna Simon, mkuu wa Kanisa la Ethiopia, aliuawa katika uasi wa mwaka 1617. Padre Páez alikuwa rafiki wa mfalme, na njia ya kumwongoa mfalme kwanza ili taifa lifuate ilikuwa njia yake pia. Upole wake ulikuwa wa kweli, lakini ulisimama juu ya kiti cha enzi, na kiti kilipotikisika hakuna kilichobaki. Alichojifunza jangwani, kwamba maji hupokelewa kutoka mkono wa mwenyeji, alikiishi yeye mwenyewe. Hakikuwa kimeingia katika mpango wa misioni nzima.

Kwetu sisi

Turudi kwenye swali. Je, miaka saba ilikuwa hasara?

Aristotle anafundisha kwamba fadhila haiji kwa kusikia habari zake. Huja kwa kuitenda mara nyingi hadi iwe tabia. Uvumilivu wa Padre Páez mbele ya Za Dengel, pale aliposhauri kungoja wakati mfalme mwenyewe alikuwa na haraka, haukutoka katika daftari la teolojia. Aliuzoea Sana'a. Ufasaha wake kwa Waturuki wa Massawa aliuzoea katika kifungo chao. Mungu hakuhitaji utumwa ili kumfundisha, na utumwa ulibaki kuwa uovu. Lakini Páez hakuruhusu uovu huo uwe na neno la mwisho juu ya miaka yake.

Kwa ndugu zangu waseminari, nasema jambo moja la vitendo. Wengi wetu tutatumwa mahali ambapo lugha si yetu na majirani wengi si wa dini yetu. Hapa Magomeni tayari adhana na kengele husikika katika asubuhi moja. Tukifika parokiani na majibu tayari kabla ya kujua visima viko wapi na nani anavijua, tutarudia ya mwaka 1625 kwa kiwango kidogo. Mwaka wa kwanza wa padre mgeni ungefaa uwe mwaka wa kusikiliza wazee, kujifunza salamu, kukubali maji.

Kwa waamini, hasa mliopotezewa miaka na mambo msiyoyachagua: Mtume Paulo naye alivunjikiwa na merikebu, akatupwa Malta, na watu wa kisiwa kile wakawasha moto wampashe joto. Hakuwa amepanga kufika kwao. Padre Páez hakupanga kufika Tarim. Miaka ya namna hiyo haionekani kwenye taarifa ya mtu yeyote, lakini Mungu anaiona, na inawezekana ndiyo atakayoitumia.

Tumwombee Padre Pedro Páez, na tuwaombee pia wote waliopita njia za minyororo kuja pwani yetu, ambao majina yao Mungu peke yake anayajua. Raha ya milele uwape, ee Bwana.